Maji Kwanza, Chuma Baadaye

Kocha wa Ikola, mjukuu wa mwanamke aliyepandisha magunia ya dagaa kwa kichwa, binti wa mzamiaji aliyenasua nyavu miambani, hana kipenga. Hupiga makofi, na viganja vyake vigumu husikika hadi ziwani. Vyuma vyake vya mazoezi ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Kila asubuhi huwaambia wanaotaka kazi ya botini, anaowafunza kuogelea na kunyanyua uzito, "Maji kwanza, chuma baadaye," huku akifunga kanga yake upya. Nestori, mkulima wa Kabungu aliyetamani nafasi kwenye boti la dagaa, akaona hayo ni ya watoto. Akanyanyua chuma mpaka mishipa ikamsimama, wenzake wakishangilia, ndipo akajitosa. Kufika kwenye kina, mikono ikagoma. Kocha akamfuata bila papara, akamshika kidevu, akamburuta hadi mchangani.

"Mama, nafasi yangu imeota mbawa?" Nestori akauliza, akitapika maji.

"Mikono umeimalizia kwenye zege, baba. Ulitaka uogelee kwa masikio?"

Watu wakaangua kicheko. Kocha hakucheka. "Nafasi ipo. Ila kuanzia kesho, wewe ndiye mlinzi wa hivi vyuma. Akija mtu na nywele kavu, mrudishe ziwani."