Pweza Wangu wa Kwanza

Jumamosi tulimzika dada yangu. Leo harufu ya pweza wa kuchoma imenisimamisha njiani.

Nilimvua wangu wa kwanza utotoni, wakati wa vita, na nyumbani Likoni hapakuwa na kitoweo. Maji ya bamvu, yale ya mwezi mpevu, yalipokupwa, mimi na dada tulishuka mwambani. Kaka yetu mkubwa alicheka, "Nyinyi mtaleta kaa!"

Nilichokoa shimo, pweza akanizonga kwa minyiri yake mpaka kiwikoni. Nikavuta, naye akakaza.

"Usimvute," dada akasema. "Mlegezee, atatoka mwenyewe."

Nikatuliza mkono. Akatoka mzima, nikampindua kichwa kumuua, nikapiga vigelegele peke yangu.

Jioni kaka akasogeza sahani. "Mdogo wangu, nikatie mnyiri mmoja."

"Mwamkie mwenye pweza kwanza," dada akamwambia.

"Shikamoo," kaka akaninong'oneza.

"Hatujasikia," akasema mama.

Kaka akarudia kwa sauti. Nikaitikia marahaba, nikamkatia mnyiri mdogo.