Bibi Udongo na Glasi ya Maji

Muuza miche alimwendea mtafiti wa magonjwa ya mimea, ambaye watu walimwita Bibi Udongo, akitaka kibali cha kuuza miche yake ya nyanya iliyonyong'onyea. "Ina kiu tu, dada." Mtafiti hakubishana. Kama ilivyo ada yake, aliunusa udongo wa mizizi mithili ya mtu anayeonja mchuzi, akakata shina kwa vidole vyenye kucha nyeusi, akalining'iniza ndani ya glasi ya maji. Wakatazama. Uzi mweupe ukashuka polepole kutoka shinani, kama moshi unaosinzia. "Hiyo ndiyo kiu yako, kaka. Bakteria." "Basi tuchome nusu, nusu niuze?" Akamsogezea glasi.

Kitalu kizima kilichomwa, mtafiti akisimamia. Muuza miche alipoteza msimu, akabakiza wateja. Mtafiti alipata kopo la udongo mgonjwa, akaondoka kitaluni amelikumbatia kama aliyekabidhiwa mtoto aliyelala.