Kioo cha Kijivu Siku ya Harusi Yangu

Sisi wawili tulijifunza kazi kwa Mzungu mmoja aliyekuwa na studio ya picha Uvira. Uhuru ulipofika akafunga virago, akatugawia alivyoshindwa kubeba. Kila mmoja alipata kamera ya macho mawili: jicho la juu la kutazamia, la chini la kupigia. Mimi nikaongezewa miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Mwenzangu akaongezewa kijioo cha kijivu, cha mviringo, kinachozunguka ndani ya pete yake. Nilicheka. Nikamwuliza kama amepewa miwani ya mtoto.

Kicheko changu hakikudumu. Tulifungua vibanda mtaa wa Kasenga, palepale mjini, tukitazamana, na kila aliyetaka picha alitaka kusimama ufukweni, ziwa nyuma yake. Kwenye picha zangu ziwa lilikuwa jeupe kama bati jipya. Kwenye zake mng'ao ulizimika, na mawe yakaonekana chini ya maji. Siri ilikuwa kile kijioo. Alikivika kwanza jicho la juu, akakizungusha polepole hadi mng'ao ufe, akaangalia alama nyeupe ya ukingoni imekaa wapi, kisha akakihamishia jicho la chini na kuirudisha alama mahali palepale. Ufundi wote ndio huo. Wateja walipita mlangoni pangu, wakanisalimu kwa heshima zote, wakaingia kwake. Wivu ukanishika, nikawa nahesabu wateja wake kuliko wangu.

Nilipochumbia, shangazi yake mchumba wangu akaja kunitangazia mambo ya sherehe.

"Foto ya ndoa ya mutoto wetu atapiga ule wa kioo."

"Shangazi, na minye? Minye siko fundi?"

"Weye iko bwana harusi. Utajipiga na mukono gani?" Alipoona nimenuna akaongeza, huku akicheka, "Mwenye wivu ajinyonge!"

Sikujinyonga. Nilikwenda kutafuta kioo changu mwenyewe, ili hata kama mkono utakuwa wa mwenzangu, picha itoke kwenye kamera yangu. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu pale mjini alikuwa na kisanduku cha vioo vya kamera: vya manjano, vyekundu, na vya kijivu vinavyofanana kama mapacha. Kioo cha kijivu cha kawaida kinapunguza mwanga tu, basi. Nilikuwa nataka kile kinachoua mng'ao. Nikavishika kimoja kimoja mbele ya jicho na kuvizungusha, nikitazama sinia lake la shaba lililokuwa likimeremeta juani. Hakuna kilichobadilika. Nilikaribia kumwita mwongo, lakini nikageukia meza yake iliyofunikwa kioo. Nilipokizungusha kimoja, mng'ao wa meza ukazimika, nikaona nyuzi na vifungo vilivyopangwa chini yake. Kumbe shaba haisikii dawa hiyo. Maji na kioo ndivyo vinavyosikia.

Nikakinunua. Kilikuwa kipana kuliko jicho la kamera yangu, na afadhali kipana, maana kidogo kingeniletea weusi pembeni mwa picha. Sonara akanitengenezea pete ya shaba ya kukikaza. Nikakifunga kwenye jicho la juu, nikaelekea ziwani, nikakizungusha hadi mawe yakaonekana, alama yake ya ukingoni ikiwa imeelekea juu. Hapo nikamkumbuka mwenzangu. Je, akikigusa makusudi ili aniharibie? Nikachukua gundi ya fundi viatu, nikakigandisha kisizunguke tena. Siku ya harusi, mbele ya macho yake, nikakifungua juu, nikakikaza chini, nikampa kamera.

Alitazama kidogo, akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu, alama iko ku pembeni. Ku jicho ya juu ilikuwa inaangalia mbingu. Ile pete haikazane sawa mu macho yote mbili. Maji itakuwa nyeupe."

"Weye piga tu."

Niliona anatafuta kunidhalilisha mbele ya wakwe. Akapiga. Kisha akanirudishia yangu, akatoa kamera yake, akamwomba bibi harusi avue viatu na kuingia majini kidogo, peke yake. Akamwendea kama anayemnyooshea shela, akamnong'oneza neno, akarudi mbio kwenye kamera. Nikiwa nimeinamia kamera yangu, nikamsikia mke wangu akicheka kicheko ambacho mimi sikuwahi kukipata kwake.

Picha yangu ilitoka na ziwa jeupe. Yake ilitoka kama zake zote. Mke wangu akazitundika mbili zote, na kila nilipomwuliza aliambiwa nini, alijibu, "Maneno ya foto." Nikaacha kumsalimu yule bwana.

Kisha uasi ukafika. Risasi zilipoanza kulia mjini tulikimbilia uwanda wa Ruzizi, na mwenzangu, nilisikia, alivuka ziwa. Tulipofika Kiringye mke wangu akafungua kitenge alichofungia vitu: chumvi, kisu, na picha. Picha moja tu. Ya yule bwana.

"Uliacha yetu, ukabeba ya ule muntu?" Nilipiga kelele hata waliolala wakaamka.

"Nilibeba yangu. Mu ile ya weye tuko wawili, na wote tumenuna."

"Alikuambia nini?"

Alikuwa amechoka kunificha. "Aliniambia: angalia bwana yako, iko anachunga aparei ya foto kama bibi yake, na bibi mwenyewe hamuone. Nikakuangalia. Njo maana nilicheka."

Nikaisogeza picha kwenye mwanga. Kweli, macho yake hayakuwa kwenye kamera. Yalitazama pembeni kidogo, pale niliposimama nimekumbatia kamera yangu na kioo changu.

Mke wangu nimeshamzika. Picha ninayo. Maji ni maangavu, vidole vyake vya miguu vinaonekana juu ya mawe, na anacheka akinitazama. Na yule fundi bado namwonea wivu, wala sitaacha. Uso ule, siku ile, aliyeuona ni yeye.