Taa Iliyowashwa Nchi Kavu

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya mjini kwetu Mwanza, balbu haiuzwi kabla haijawaka. Muuzaji huitoa kwenye boksi lake, huipachika kwenye soketi iliyofungwa pembeni mwa kaunta, hubonyeza swichi, na mteja huiona kwa macho yake mwenyewe. Ikiwaka, hurudishwa kwenye boksi, na baada ya hapo hakuna tena maneno. Nilipokuwa mdogo, baba alinileta kutoka Misungwi siku umeme ulipofika nyumbani kwetu, nikasimama mbele ya kaunta moja ya namna hiyo nikiamini kwamba ile soketi ndiyo inayoipa balbu uhai, na kwamba balbu isiyopitia hapo ingebaki mfu hata ikifika kijijini. Nimeanza na kaunta kwa sababu tukio ninalotaka kulikumbuka lilizaliwa na uaminifu wa kaunta, si na uzembe wa mtu yeyote.

Nilipomaliza chuo nilipata kazi katika karakana ya kutengeneza boti za faiba kando ya ziwa. Nilikuwa nimetoka darasani na nia ya kubuni vitu vya kuwafaa wengi: pampu kwa wakulima wa mpunga wa Magu, majokofu ya jua kwa wachuuzi wa samaki. Badala yake, kazi ya kwanza niliyokabidhiwa ilikuwa taa za kupendezesha maji. Familia moja ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, ambao duka lao la vifaa vya umeme limekuwapo mjini tangu enzi za babu zao, iliagiza boti ya kuwatembeza wageni ziwani nyakati za jioni. Walitaka taa zipachikwe katika tumbo la boti, chini ya usawa wa maji, ili boti ionekane inaelea juu ya mwanga.

Kwa siku kadhaa niliona haya kuwaeleza wenzangu niliosoma nao ninachokifanya. Kisha nikajiambia jambo ambalo bado naliamini: kutoboa boti chini ya usawa wa maji ni jambo zito, hata kama kinachopita katika tundu hilo ni pambo. Watu wa ziwa hili hawahitaji kuelezwa maana ya chombo kuzama.

Mjadala wa kwanza ulihusu rangi. Msimamizi wa biashara ya familia ile alikuwa mkwe wa mzee mwenye duka, mwanamke mchangamfu ambaye karakana nzima ilimwita Mama Mwenye Boti. Alinionyesha video kwenye simu yake.

"Nataka bluu. Hii hapa, unaiona? Bluu ya kung'aa."

"Mama, hayo ni maji ya bahari. Ya kwetu yana ukijani. Bluu haitafika mbali."

"Umesoma wewe, lakini macho ninayo mimi."

Nikajaza pipa maji ya ziwa, nikazamisha taa mbili, moja ya bluu na moja ya kijani, tukainama juu yake tukiwa tumejifunika turubai kama watu wanaojifukiza. Mwanga wa kijani ulipanda hadi juu ya maji ukatupaka nyuso zetu. Bluu ilibaki chini, hafifu, kama jiko linalokaribia kuishiwa gesi.

"Bluu yangu imekwenda wapi?"

"Imemezwa na maji, mama."

Akanyanyua turubai, akafikiri. "Haya, kijani. Ila wageni wakiniuliza kama nimewasha taa ya duka la dawa ziwani, nitawaleta kwako."

Mjadala wa pili ulikuwa na fundi mkuu, mtu wa Ukerewe aliyezoea kusema ukweli kwa njia ya mzaha. Nyuma ya kila taa, ndani ya boti, nilichora kisanduku cha faiba kilicho wazi juu, kuta zake zikipanda hadi juu ya usawa wa maji ya nje. Mantiki yake ni nyepesi: taa ikivuja, maji yataingia kisandukuni, yatapanda hadi yalingane na ziwa, kisha yatasimama. Boti yenyewe itabaki kavu. Lakini visanduku vile vilikula nafasi chini ya viti, mahali ambapo fundi mkuu alikusudia kuweka makasha ya vinywaji.

"Injinia, humu ndani unafuga kuku?"

"Nafuga amani, fundi."

"Amani haitagi mayai." Hata hivyo alivijenga, na alivijenga vizuri, akavifunika kwa vibao vya viti. Tangu siku hiyo karakana nzima iliviita mabanda ya kuku.

Siku ya kuiteremsha boti majini ilipangwa iwe alasiri, kukiwa bado na mwanga. Boti iliwekwa juu ya mteremko wa zege, pua ikitazama ziwa, imevishwa mashada ya maua ya manjano. Mchungaji alialikwa kwa ajili ya mafundi, na familia ilikuwa na ibada yake ya kupasua nazi. Mimi nilikuwa nimemwalika mama. Katika maisha yake yote alikuwa amepanda kivuko cha Kamanga tu, naye alitamani kuona kitu kilichotoka katika ada za shule alizozihangaikia kwenye pamba. Nilikwenda barabarani kumpokea, na nilichelewa kwa sababu alisimama kila hatua kuvipangusa vumbi viatu vyake vya kanisani.

Tuliporudi, sala zilikuwa zimekwisha. Watoto wa familia walikuwa wamevaa jaketi okozi za rangi ya machungwa na kupanga mstari kwenye ngazi ya kupandia. Na taa zangu zote zilikuwa zinawaka, kijani kibichi mchana mweupe, mahali ambapo hapakuwa na maji hata tone.

Taa zile zilitegemea maji ya ziwa kupoa. Zikiwa zimezama zinaweza kuwaka hadi asubuhi. Zikiwa hewani zinajichoma zenyewe, na pamoja nazo huungua ringi ya mpira na gundi vinavyoziba tundu. Mafundi wote nilikuwa nimewaeleza. Haikunijia hata kidogo kwamba mtu atakayebonyeza swichi ni mzee mwenye duka, ambaye maishani mwake hakuwahi kumkabidhi mtu taa asiyoiona ikiwaka.

Mzee alituona, akamsalimu mama kwa Kisukuma. "Mwadila!" Mama akacheka kwa mshangao, akaitikia. Wakati huo huo mtu alikuwa anapasua nazi ya mwisho kwenye pua ya boti. Maji yake yaliruka, tone likaangukia kioo cha taa ya mbele, likakauka kwa mlio mdogo kama wa kikaango.

"Shikamoo mzee. Naomba tuzime taa."

"Marahaba. Kuzima tena? Ndiyo kwanza wageni wanaziona! Nimeziwasha tangu kabla ya sala. Hongera, injinia, hata moja haijafeli."

"Zinapozwa na maji, mzee. Hapa zinaungua."

Uso wake ulibadilika. Hakubishana, hakuuliza kwa nini hakuambiwa mapema. Alipanda ngazi mwenyewe, mbele ya wajukuu wake, akazima. Mama Mwenye Boti akanisogelea, akanong'ona huku bado akiwatabasamia wageni.

"Zimeharibika?"

"Taa zenyewe huenda ni nzima. Ninachohofia ni mpira unaozuia maji. Hauonekani kwa nje."

Alitazama watoto mstarini, akatazama meza ya chakula iliyoandaliwa kwa ajili ya wageni wakirudi, akamtazama mama yangu, ambaye tayari alikuwa ameshika reli ya ngazi.

"Niambie kitu kimoja tu. Huyu mama yako ungempakia?"

Nilifahamu kwamba jibu langu lingevunja sherehe ya watu, na pengine jina langu karakanani. Lakini swali lilikuwa limeulizwa kwa namna ambayo haikuacha mahali pa kujificha.

"Hapana. Sasa hivi, hapana."

"Basi hakuna atakayepanda." Akageuka, akapiga makofi. "Wanangu, shukeni! Boti inakwenda kunywa maji kwanza, nyie baadaye."

Mama aliachia reli. "Afadhali," alisema kwa sauti iliyosikika na watu wote. "Viatu hivi si vya kuogelea."

Fundi mkuu alivua kofia. "Tuingie wawili. Aliyechora na aliyetoboa. Boti ikizama, kesi imekwisha." Wachache walicheka.

Tuliteremshwa polepole kwa kamba hadi boti ikaelea, ikiwa bado imefungwa kwenye mteremko. Tukaanza kufungua vibao vya viti, kimoja baada ya kingine. Kisanduku cha nyuma kilikuwa kikavu. Cha katikati, kikavu. Fundi alikuwa ameanza kupiga mluzi tulipofungua cha mbele kushoto, palepale lilipodondoka tone la nazi. Mluzi ukakatika.

Maji yalikuwa yanaingia. Yalipita kwenye ukingo wa taa kwa utulivu kabisa, na ndani ya kisanduku yalikuwa yamefikia kina cha urefu wa kidole. Fundi alichomoa penseli sikioni, akapiga mstari mahali yalipofika. Yakaupita mstari. Akapiga mwingine juu yake. Yakaupita na huo.

"Injinia," alisema, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mzaha katika sauti yake, "yanakoma wapi?"

"Yanapolingana na ziwa." Nilijua kwamba ni kweli. Nilijua kama ninavyojua kwamba kitu kikiachiwa huanguka. Lakini nilikuwa nimepiga magoti, na kujua kwangu kote kulikuwa kichwani tu. Magoti yalikuwa hayajaambiwa.

Akapiga mstari wa tatu. Maji yakaufikia, yakaulamba, yakabaki. Tulisubiri. Mashua ya wavuvi ilipita mbali, wimbi lake likatufikia, maji ya kisandukuni yakayumba juu na chini pamoja na ziwa, kisha yakarudi kwenye mstari uleule. Nilipapasa sakafu ya boti kandokando ya kisanduku. Vidole vyangu vilirudi na vumbi jeupe la faiba, kavu kama unga.

Fundi alikaa chini juu ya vumbi hilo, akaniangalia, akaanza kucheka hadi boti ikatikisika. "Kumbe kuku wako ni mabata!"

Nilicheka nami, nikalia kidogo, sikumbuki kipi kilitangulia. Nakumbuka pumzi: ilikuwa kama nimetua ndoo ya kichwani ambayo sikujua kwamba nimeibeba tangu barabarani.

"Imezama?" mama aliita kutoka nchi kavu.

"Haijazama, mama! Maji yameingia yakaambiwa basi!"

Boti ilivutwa juu tena. Wageni walikula sambusa na sato wa kukaanga wakiwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, na watoto walikataa kuvua jaketi zao okozi. Mzee hakula. Alikuja akakaa karibu nami, mikono yake imelala magotini.

"Wajukuu wangu walikuwa kwenye ngazi," alisema. "Balbu zote hizi nimezijaribu ili mtu asidhulumiwe. Leo kule kujaribu ndiko kungewaua."

"Kusingewaua, mzee. Wangelowa soksi tu, tena kama wangefungua banda la kuku." Alitabasamu kwa shida. Nikamwambia lile nililokuwa nalifikiria: kwamba hakukosea kutaka kuona. Taa ndiyo haikujua ipo wapi. Ni wajibu wa anayebuni kutengeneza kitu kinachoziheshimu desturi za watakaokishika.

Hivyo nikazibuni taa zile upya. Pembeni mwa kila kioo niliweka pini mbili ndogo za shaba, na taa hukataa kuwaka mpaka maji yaziunganishe pini hizo. Tundu la mbele tuliliziba upya, fundi akijenga na mimi nikishika tochi. Boti ilipotoka safari ya kwanza na watu, mama alikuwa amekaa juu ya kisanduku cha mbele kushoto. Alikichagua mwenyewe, akiwa amevaa kandambili. Jua lilipozama, kijani kikatanda chini yetu, naye akachungulia kwa muda mrefu. "Ni kama mpunga mchanga," alisema, nikaona kwamba hata pambo linaweza kumfaa mtu.

Siku hizi taa hizo zinauzwa katika duka la mzee. Nilipompelekea za kwanza, aliipachika moja kwenye waya wa kaunta, akabonyeza swichi, ikanyamaza. Nilianza kumweleza, akanizuia kwa mkono. Aliingia nyuma ya duka, akarudi amebeba karai la maji, akaliweka juu ya kaunta kando ya soketi yake ya zamani, akaizamisha taa taratibu. Kijani kikapanda ukutani, juu ya rafu za nyaya na swichi, hadi darini. Wateja waliokuwa wakisubiri wakasogea.

"Imewaka?" akamuuliza mteja aliyekuwa mbele.

"Imewaka, mzee."

"Umeiona mwenyewe?"

"Nimeiona."

Akaitoa majini, ikazimika yenyewe. Akaifuta kwa kitambaa, akairudisha kwenye boksi. Karai bado lipo pale kauntani, na kila asubuhi yeye mwenyewe hulibadilisha maji.