Mpira Juu ya Tangi la Baba Mdogo

Juzi, ufukweni, nilimwona kijana akilegeza skrubu ndogo juu ya kifuniko cha tangi la petroli kabla ya kuwasha mashine ya boti. "Hewa isipoingia, mafuta hayatoki," aliniambia. Nikalikumbuka tangi la baba mdogo.

Miaka ile wakimbizi walipopiga kambi karibu nasi, baba mdogo alikuwa amekizungushia kifuniko cha tangi lake mpira wa tyubu ya baiskeli, akaukaza sana, ili watu wa kambini wasimnyonyee petroli. Alasiri ile tulikuwa watatu botini: yeye, mimi, na mkimbizi mmoja aliyeomba kuvushwa. Boti ilinuka petroli na dagaa. Katikati ya safari mashine ilikohoa, ikazima. Baba mdogo alifinya pampu ya mafuta, nayo ikabaki imebonyea kama shavu la kikongwe.

"Mzee, legeza hapo juu kidogo," mkimbizi alisema taratibu.

"Nilegeze uibe?"

Akapiga kasia hadi kwenye matete, akamshusha. Mimi nililikodolea macho koti la yule mkimbizi, nikiamini petroli yetu imo humo.

Kisha baba mdogo akaufungua ule mpira ili aone petroli imebaki kiasi gani. Tangi likavuta hewa kwa mluzi mrefu. Akafinya pampu, akavuta kamba, mashine ikawaka.

"Umeona? Mwizi ameshuka, mashine imepona."

Nilimwamini kabisa. Kule kwenye matete, yule mtu alisikia mngurumo, akageuka, akaweka mzigo wake chini, akatusubiri.