Juni ya Vyuma Mdomoni

Harufu ya karafuu hunirudisha mtaa wa Pasiansi, hata nikiwa jikoni kwangu napika pilau. Nyumba ya Daktari Tabitha ilijaa harufu hiyo, ikichanganyika na ya spiriti na upepo wa ziwa ulioingia dirishani. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kliniki. Daktari alinyoosha meno, mumewe alipokea wagonjwa na kuwatania watoto ili wasilie, na familia iliishi vyumba vya nyuma, kwa hiyo ungeweza kulala kitini umefungua mdomo huku ukisikia kitunguu kikikaangwa. Kila likizo ya Juni ilipokaribia, ubao wa ukutani uliandikwa habari mpya kwa chaki: fulani ametolewa vyuma, mpeni hongera, msitafune muwa, bisi wala barafu, mkishakula dagaa pigeni mswaki, watu wasije wakahesabu vichwa vya samaki mdomoni mwenu.

Nilikuwa darasa la sita. Meno yangu ya juu yalitangulia mbele kiasi kwamba midomo haikukutana bila kulazimishwa, na shuleni wakaniita Sungura. Nilijifunza kucheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja, kisha nikaona nafuu nisicheke kabisa. Mama, aliyefanya kazi kiwandani Nyakato, aliliona hilo. Shule ilipofungwa tu, akanishika mkono hadi kwa Daktari Tabitha. Nilitoka huko na vyuma vinavyong'aa, taya zinazouma, na kikasha kidogo cha nta ya kubandika mahali chuma kitakapokwaruza. Wiki hiyo hiyo nikapanda meli kwenda kisiwani Nansio, kwa bibi mzaa mama.

Nilimkuta Bibi uani anapepeta mchele. "Shikamoo Bibi," nikasema kwa midomo iliyobanwa. "Marahaba mjukuu wangu. Mbona unaongea kama mwenye tui mdomoni? Hebu fungua." Nilipofungua, ungo nusura umponyoke. "Yesu wangu! Nani kamfunga mtoto seng'enge?" Mjomba, fundi wa mitumbwi aliyeishi naye, akaja kuchungulia, akacheka mpaka akaketi chini. Bibi hakucheka. Siku zote zilizofuata alinipikia uji, akaniponda viazi na kunichambulia sato mwiba kwa mwiba, lakini kila alipoyatazama meno yangu aliguna. "Jino la pembe si dawa ya pengo," alinung'unika, "na waya si dawa ya jino la Mungu." Nilidhani ananionea aibu.

Mambo yaliharibika siku ya Jumapili, tumetoka kanisani. Nilikuwa nimefuata masharti yote ya ubaoni, lakini ubao haukusema lolote kuhusu kokoto ndani ya wali. Nilisikia kitu kikilia ka!, kisha ncha ya waya ikachomoka nyuma na kunichoma shavuni. Damu ikajaa mdomoni. Nta yangu ilikuwa imeshakwisha na meli ilikuwa mpaka kesho. "Koleo ninayo," alisema Mjomba akiinuka kwa furaha ya fundi aliyepata kazi. "Nakata mara moja tu." Nililia kwa hofu. Bibi alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akasema kwa ukali, "Weka koleo chini. Mpigie huyo daktari wa mtoto."

Simu ya Mjomba ikawekwa juu ya meza, sauti nje. "Shikamoo mama," tulimsikia Daktari Tabitha. "Msikate, asije akameza kipande. Mna penseli yenye raba kichwani?" Mjomba alikuwa nayo, ya kupimia mbao. Bibi aliiosha kwa maji yaliyochemka, akakiegemeza kichwa changu kifuani mwake, akawa anaisukuma ile ncha kwa raba, taratibu, kuelekea jinoni. Akaanza kuongea, nadhani ili asiogope. "Babu yako alikuwa na meno haya haya. Alipokuja kwetu kuposa, dada zangu walijificha nyuma ya nyumba wakimcheka. Mimi nikasema, huyu ndiye, maana alicheka nao. Ulipozaliwa wewe alikuwa ameshatutoka. Meno yako yalipoota, nikamshukuru Mungu." Waya ukalala mahali pake. Daktari, aliyekuwa bado hewani, akauliza, "Mama, unataka tuyaache?" Bibi akanigeuza uso tutazamane. "Mwenye mdomo ni yeye," akasema. "Aseme mwenyewe."

Nilisema nataka yanyooke. Lakini nilitaka pia aniambie zaidi juu ya Babu, na jioni ile aliniambia mengi: jinsi alivyopiga mluzi ukasikika ng'ambo ya shamba, jinsi alivyotafuna chungwa bila kulimenya. Nilicheka kwa sauti, vyuma vyote nje. Meno yangu yalikuwa bado hayajasogea hata kidogo; kilichosogea kilikuwa kitu kingine. Keshoye Bibi alivaa kitenge chake cha kanisani, akanisindikiza melini hadi Pasiansi amwone huyo daktari mwenye heshima, na kabla hatujaondoka alikuwa yeye kitini, anazibwa jino lililomsumbua tangu mavuno, akimfokea mume wa daktari asimchekeshe.

Bibi hayupo tena. Kliniki sasa anaiendesha binti wa Daktari Tabitha, na habari za likizo huja kwenye simu, na picha za watoto waliomaliza. Watoto wa siku hizi huchagua rangi za raba za vyuma vyao kama wanaochagua viatu vya sikukuu. Juni iliyopita nilimpeleka binti yangu, aliyekuwa ameshaamua kuwa zake zitakuwa za bluu. Daktari huyo mpya alimchunguza kwa makini, akamwambia meno yake yamejipanga vizuri, hahitaji chochote. Mtoto akaangua kilio. "Mama, hata chuma kimoja tu?" Nilitaka kumsimulia habari za Sungura, lakini mtoto anayelia hasikilizi historia. Nikamnunulia maandazi, tukaketi ufukweni mpaka akanyamaza. Kabla hatujainuka aliniuliza kama meno yaliyonyooka huweza kupinda baadaye. Nikamwambia huenda. Akafurahi sana.