Udongo Haupigwi Picha

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelala bondeni chini ya Vuga. Evodia Shemzigwa anapandisha kilima peku, gunia la udongo wa kufinyangia likiwa kichwani. Simu yake imebaki nyumbani kwa mwenyeji wake.

"Ofisa, shingo bado ipo?" anauliza mwanamke anayepalilia maharage kando ya njia.

"Ipo, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi rudi ukachukue lingine."

Evodia anacheka kwa tabu, maana gunia halimruhusu kutikisika. Hili ni la pili leo. Amekuwa akibeba kila Jumamosi kwa miezi miwili.

Ana miaka thelathini na minne, na ni mratibu wa Kumbukumbu za Milima, kikundi cha kijamii chenye chumba kimoja nyuma ya soko la Lushoto. Kikundi hukusanya na kufundisha nyimbo, hadithi na kazi za mikono za Wasambaa, Wambugu, Wapare na Wabondei, kuanzia Lushoto hadi Muheza. Posho yake ni shilingi laki moja na nusu kwa mwezi, ikipatikana, na sehemu kubwa huishia kwenye nauli.

"Mama huniuliza kazi yangu hasa ni ipi," anasema. "Namwambia nasikiliza wazee. Ananijibu, basi anza na mimi."

Mzee anayemsikiliza siku hizi ni Bi Raheli Mahanyu, mfinyanzi wa miaka sabini na sita. Kijijini hapa ni yeye peke yake aliyebaki anayejua kufinyanga chungu kikubwa cha dengelua, pombe ya miwa.

"Mimi Mlutheri, siinywi," anasema Bi Raheli. "Lakini chungu hakina dhambi."

Mwaka jana aliwafundisha wanawake kumi na wanane waliotumwa na kikundi. Walikuwapo Wasambaa wa hapa, Wambugu wawili, hata mwalimu Mpare aliyekuja na mtoto mgongoni. Kisha darasa likafungwa.

Kosa, anasema Evodia, lilikuwa lake. Alitaka filamu ya kazi yote, tangu kuchimba hadi kuchoma. Bi Raheli alikubali, akidhani Evodia ndiye atakayeshika kamera. Asubuhi ile Evodia alifika na Nathanieli, mwalimu wa sekondari anayejitolea kikundini, wakashuka wote shimoni.

Kwa wafinyanzi wa hapa, mwanamume hafiki kwenye shimo la udongo. Bi Raheli aliwakuta wakiwa tayari ndani. Wiki iliyofuata walichoma vyungu kumi na kimoja, vikapasuka saba.

"Aliokota vigae kimoja kimoja," Evodia anakumbuka. "Halafu akasema amechoka kufundisha, akaingia ndani."

Evodia aliporudi Lushoto alifungua kabati la ofisi. Katika faili la ufinyanzi alikuta karatasi ya miaka mitatu nyuma, maneno ya bibi mwingine ambaye sasa ni marehemu: mwanamume asifike shimoni. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

"Nililia pale pale," anasema, akitazama vidole vyake. "Mila tunaifungia kabatini, halafu tunaenda kuikanyaga ilipo. Sijui vyungu vilipasuka kwa sababu ya Nathanieli au ya mvua ya juzi yake. Ila najua nani alikosea."

Nathanieli ndiye aliyesema filamu ifutwe. Mara mbili Evodia alienda kuomba radhi, akaambiwa Bi Raheli yuko shambani. Mara ya tatu alimkuta mlangoni.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, bibi."

"Na mashine?"

Evodia alitoa simu, akaifuta filamu mbele yake. Kazi ya siku tisa. Bi Raheli alitazama kioo kikiwa cheusi, kisha akaingia ndani na kutoka na jembe na gunia tupu.

"Uliandika habari za udongo," alimwambia. "Sasa ubebe."

Akabeba. Wiki tano hakufundishwa chochote. Wiki ya sita Bi Raheli alimsukumia bonge la udongo na kumwambia akae.

Leo chungu cha kwanza cha Evodia kinakauka kivulini, nyuma ya jiko, kimeinama kidogo upande mmoja. Kitachomwa Jumamosi ijayo pamoja na vya Bi Raheli. Kikitoka kizima, wanawake kumi na wanane watarudi darasani.

"Na kikipasuka?" anaulizwa Evodia.

"Atabeba tena," anadakia Bi Raheli. "Shimo halijaisha."

Evodia ana mpango. Darasa likifunguliwa, hakutakuwa na filamu. Kila mwanafunzi ataanza na gunia kichwani, kama yeye. Na karatasi ile itatoka kabatini, ibandikwe mlangoni pa ofisi, ambako yeyote wa kikundi ataisoma kabla ya kutoka.

Bi Raheli anainama, anakigonga chungu kwa ukucha na kutega sikio.

"Kibichi bado," anasema. "Kama mwenyewe."

Kisha anavuta gunia kuukuu na kukifunika upande ulioinama, taratibu, upepo usikikaushe upesi kikapasuka.